Mkunga Asiye na Mkunga

Lugha yetu ina maneno ambayo neno moja hubeba mizigo miwili, na katika hayo ni neno "mkunga". Mkunga ni mwanamke mzalishaji, yule ambaye kila nyumba ya zamani ilituma mtu mbio usiku kwenda kumwita. Na mkunga vile vile ni samaki yule mrefu, mwenye utelezi, mfano wa nyoka, akaaye katika mapango ya miamba baharini na katika matope ya mito. Ni jambo la kustaajabisha kwamba samaki huyu aliye na jina la mzalishaji ndiye ambaye kuzaliwa kwake kuliwashinda wanadamu kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Wamemvua, wamempasua, wamemla, na wasione yai lake wala mwanawe mchanga.

Leo napenda kuwasimulia habari za huyo mtoto wa mkunga, ambaye alikuwa akionekana siku zote ila watu hawakumtambua. Nitaeleza pia jinsi mtoto huyo wa samaki alivyoingia katika ugomvi wa nyumbani kwangu, kwani jambo lenyewe lilianzia hapo, na bila ya ugomvi ule nisingalifungua kitabu hata kimoja cha habari za samaki.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa mto Pangani tangu ujana wake. Baharini alikwenda kwa nadra. Kazi yake ilikuwa kutega migono na kulaza ndoana za usiku mtoni, na riziki yake na ya watoto wake ilitoka humo. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Ramadhani, alikuja kwetu na mkunga mnene, akaketi uani kumpasua huku akizungumza na mwanangu wa kiume, ambaye alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya sekondari. Akamwambia, "Tazama, mjukuu wangu. Nimepasua samaki hawa tangu sijaota ndevu. Kambare nimemkuta na mayai, perege nimemkuta na mayai, lakini mkunga wa mtoni sijamkuta na yai hata siku moja. Huyu hazaliwi kama wenzake. Huyu hutoka katika tope mvua za masika zinapoanza."

Kijana akacheka. Akasema, "Babu, samaki hazaliwi na tope. Hayo ni maneno ya watu wasiosoma."

Mjomba akafuta kisu chake, akasema kwa sauti ya chini, "Haya, mjukuu wangu, wewe umesoma." Akaondoka na samaki akamwacha pale pale, nusu amepasuliwa.

Ramadhani ikaingia. Desturi ya mjomba ilikuwa kufuturu kwetu kila Ijumaa, lakini Ijumaa ya kwanza hakuja, na ya pili hakuja. Mke wangu akawa anampelekea futari katika sahani iliyofunikwa kawa. Wasomaji wetu wa pwani wanajua kwamba sahani ya jirani au ya jamaa hairudishwi tupu. Hutiwa japo maembe mawili au kipande cha muwa. Sahani yetu ilirudi imeoshwa vizuri, na haina kitu ndani. Mke wangu akaiweka mezani mbele yangu, asiseme neno, nami nikafahamu kwamba mzee ameumia kweli kweli.

Nilimwita mwanangu. Ningeweza kumkemea na kumpeleka akaombe radhi usiku ule ule, na hapana shaka angalikwenda, lakini radhi ya kulazimishwa haiponyi jeraha. Nikamwambia, "Umemfedhehesha babu yako kwa jina la elimu. Basi ilete hiyo elimu tuione. Ikiwa mkunga hatoki katika tope, hutoka wapi? Mayai yake yako wapi?" Kijana akafungua kinywa kujibu, akakifumba. Hakujua. Basi usiku wa mwezi ule wote, baada ya Tarawehe, tukawa tunasoma pamoja, baba na mwana. Na haya ndiyo tuliyoyapata.

Jambo la kwanza lililomnyamazisha kijana ni kwamba mawazo ya mjomba yalikuwa ndiyo mawazo ya Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Yeye naye aliwachunguza mikunga wa maji baridi, asione mayai wala manii, akaamua kwamba hutokea katika matope na ardhi yenye unyevu. Baada yake wakapita wataalamu karne nyingi, wala hawakuwa na jambo la hakika kumzidi. Ovari ya mkunga haikuelezwa sawasawa ila mwaka wa 1777, na mtu aliyeieleza ni Carlo Mondini wa Bologna, katika Italia. Mwaka wa 1876 kijana mmoja mwanafunzi, Sigmund Freud, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa elimu ya maradhi ya nafsi, alitumwa Trieste kutafuta korodani za mkunga dume. Akapasua mikunga 400 hivi, wala hakupata jibu la kukata shauri. Basi mzee wetu wa Pangani, katika kutoona kwake, alikuwa pamoja na watu wakubwa.

Sababu ya shida hiyo yote ni kwamba mkunga wa mtoni, wakati anapokaa mtoni, bado hajapevuka. Hukaa katika maji baridi miaka mingi, akila na kunenepa, na viungo vyake vya uzazi vikiwa vidogo mno. Akishafika wakati wake huteremka baharini, na huko ndiko anakopevuka, mbali na macho na visu vya wavuvi.

Sasa tuje kwa mtoto. Katika karne ya 18, karibu na Holyhead, katika nchi ya Wales, mtu aitwaye William Morris alipata kiumbe kidogo cha baharini kilicho bapa na cheupe kama kioo. Wataalamu wakakipa jina la leptosefalo, maana yake "chenye kichwa chembamba", wakakiandika katika madaftari yao kuwa ni samaki wa aina yake peke yake. Wakapatikana wengine, na kila waliyemwona tofauti kidogo wakampa jina lake. Yaani mtoto wa mkunga aliandikwa vitabuni kama mtu mzima wa kabila jingine, na watu wakaendelea kuuliza mtoto wa mkunga yuko wapi!

Wala si ajabu kukosea hivyo, maana mtoto huyu hafanani na wazazi wake hata kidogo. Mithili yake ni jani la mwembe: mwembamba ukimtazama kwa mbele, mpana ukimtazama kwa ubavu, na kichwa chake ni kama kikonyo tu kwenye ncha ya jani. Mwili wake ni safi kabisa, hata ukimlaza juu ya ukurasa ulioandikwa utayasoma maandishi kupitia kwake, na utakaloliona ni vitone viwili vyeusi, ambavyo ndivyo macho. Ndani ya mwili huo mna uteute mlaini, kama nyama ya dafu changa, uliofunikwa kwa nyama nyembamba sana. Damu yake haina chembe nyekundu. Utumbo wake ni mrija mwembamba ulionyooka. Na katika kinywa chake kidogo yamo meno marefu yanayoelekea mbele. Kwa muda mrefu watu walibishana anakula nini, kwa sababu utumbo wake ulionekana mtupu. Hatimaye ikajulikana kwamba hula zile chembe chembe laini za mabaki ya viumbe zinazoshuka polepole kutoka juu ya maji kwenda vilindini, ambazo wataalamu huziita "theluji ya bahari". Kwa mwili wa namna hiyo huelea katika bahari kuu bila ya kuonekana na adui, akichukuliwa na mikondo ya maji.

Mwaka wa 1864 Mmarekani Theodore Gill alisema kwamba hawa leptosefalo si watu wazima, ni watoto, na kwamba yule wa Holyhead ni mtoto wa mkunga mkubwa wa baharini. Mwaka wa 1886 Mfaransa Yves Delage akamfuga mmoja huko Roscoff akamwona kwa macho yake akigeuka kuwa mkunga. Kisha wakaja Wataliana wawili, Giovanni Battista Grassi na Salvatore Calandruccio, katika mlango wa bahari wa Messina, mahali ambapo maji yenye nguvu huwatupa juu viumbe wa vilindini. Wakamchukua leptosefalo mmoja ambaye tangu mwaka wa 1856 alikuwa na jina lake la pekee, wakahesabu pingili za mwili wake, wakaziona zinalingana na pingili za uti wa mkunga wa mtoni; wakamweka katika tangi la kioo, naye akageuka mbele yao. Mwaka wa 1896 Grassi akautangazia ulimwengu kwamba mtoto wa mkunga wa mtoni amepatikana. Na huyu Grassi ndiye yule ambaye, pamoja na wenzake, mwaka wa 1898 alithibitisha kwamba malaria ya binadamu huletwa na mbu wa jamii ya Anofelesi; kwa hiyo sisi wa pwani, tulalao ndani ya chandarua, tunamdai shukrani.

Namna anavyogeuka ni jambo la kutafakari. Watoto wa viumbe vingine hukua kwa kurefuka, lakini huyu, saa ya kugeuka ikifika, hupungua! Meno yake hung'oka, upana wake hunywea, uteute ule humalizika kama akiba ya msafiri, na yeye huwa mfupi kuliko alivyokuwa mwezi uliopita. Anakuwa mviringo, mwembamba kama uzi mnene, na bado ni mwangavu. Huyu ndiye wanayemwita mkunga wa kioo. Katika hali hiyo huingia milango ya mito, na humo ndimo anamopata rangi na kuanza kukua upya.

Ikabaki kujua ametoka wapi. Mwaka wa 1904 mtaalamu wa Denmark, Johannes Schmidt, alipata leptosefalo mmoja wa mkunga wa Ulaya magharibi ya visiwa vya Faroe, mwenye urefu wa sentimita saba na ushei. Akafikiri hivi: watoto hawa huchukuliwa na maji, na kadiri wanavyokwenda ndivyo wanavyokua; basi nikiwafuata wale wadogo, na wadogo kuliko hao, nitafika penye chimbuko. Akavuta nyavu zake Bahari ya Atlantiki huku na huku. Akawaomba manahodha wa merikebu za biashara wamsaidie kuvuta nyavu njiani. Merikebu aliyoitumia mwaka wa 1913, Margrethe, ikapotea huko visiwa vya West Indies. Kisha vita kuu ya kwanza ikaingia, na kazi ikasimama. Vita vilipokwisha akaanza tena. Mwishowe, katika Bahari ya Sargasso, kusini ya visiwa vya Bermuda, akapata watoto wenye urefu wa milimita 10 na chini ya hapo. Kutoka mwaka wa 1904 hata mwaka wa 1922 ni miaka 18 ya kumfuata samaki ambaye humwoni mpaka umkinge na mwanga.

Tulipofika hapo, mwanangu alifunga kitabu akakaa kimya. Baada ya kitambo akaniuliza, "Baba, huyu Schmidt aliyaona mayai?" Nikamwambia aendelee kusoma. Akasoma, akakuta kwamba hakuyaona.

Siku ya Idi tulikwenda kwa mjomba. Alikuwa ameketi barazani akishona mgono. Nikasema, "Shikamoo, mjomba," akajibu, "Marahaba." Kijana akasema, "Shikamoo, babu," akajibu, "Marahaba," lakini hakuinua macho. Mwanangu akapiga magoti, akaubusu mkono wake akasema, "Babu, nilikukosea adabu, na tena nilisema jambo nisilolijua. Nimekwenda kulitafuta. Ukiniruhusu nitakusimulia."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Simulia."

Kijana akasimulia yote, tangu Aristotle hata Schmidt. Mjomba akaacha kushona. Habari ya mtoto aliye kama kioo ilimpendeza sana. Akasema kwamba tangu utoto wake, penye mlango wa mto, wanaonekana nyakati nyingine vijisamaki kama nyuzi visivyo na rangi, wala hakuna aliyevijali kwa kuwa havifai hata kwa chambo. Kisha akauliza, "Huyo bwana wa miaka 18, mayai aliyaona?"

"Hakuyaona, babu."

"Na mikunga wakubwa, aliwaona wakitaga?"

"Hakuwaona."

Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema, "Basi mimi na yeye tumekwama mahali pamoja, ila yeye amekwama mbali zaidi." Akaendelea, na maneno haya mwanangu aliyaandika katika daftari lake: "Nitakwambia na mimi jambo. Mto ukijaa, usiku wa giza, hupita mikunga wakiteremka. Hao si kama wale wa siku zote. Tumbo lao hung'aa kama fedha, na macho yao ni makubwa. Hawagusi chambo. Ukimpasua, tumbo lake ni kavu. Siku zote nilikuwa nikijiuliza, huyu aliyefunga kula anasafiri kwenda wapi?"

Tukatazamana, mimi na mwanangu, kwa sababu hayo ndiyo hasa yaliyoandikwa vitabuni: kwamba mkunga anapojitayarisha kwa safari ya kuzaa hugeuka rangi ya fedha, macho yake hukua, utumbo wake hunywea na huacha kula kabisa. Mzee wetu alikuwa nayo elimu hiyo pasipo kitabu, naye aliichuma kwa macho yake mwenyewe, mtoni, usiku. Alichokosa ni nusu ya pili ya hadithi, iliyokuwa imefichika katika bahari ambayo mtumbwi wake usingeweza kuifika. Ijumaa iliyofuata mjomba alikuja kula kwetu, na sahani iliyokuwa kwake akairudisha na vipande vinne vya samaki.

Wasomaji wangu, mtu aweza kudhani kwamba makosa ni ya wazee wa kijijini tu na wataalamu wamesalimika. Sivyo. Mwaka wa 1930 merikebu ya uchunguzi ya Denmark iitwayo Dana ilivua, katika bahari ya kusini ya Afrika, leptosefalo mwenye urefu wa mita 1.84. Watu wakapiga hesabu: ikiwa mtoto wa sentimita saba huwa mkunga wa karibu mita moja, je, mtoto wa karibu mita mbili atakuwa joka la namna gani! Pakavuma habari za majoka ya baharini. Hesabu ilikuwa sawa, lakini msingi wake ulikuwa dhana. Mwaka wa 1970 David G. Smith alionyesha kwamba watoto wa namna hiyo si wa mikunga hasa. Ni wa samaki wengine wa vilindini walio jamaa zao, ambao wakishageuka hawarefuki tena. Yule mtoto mkubwa angalikuwa mzazi wa kimo kile kile. Kumpima mtoto wa mtu kwa kipimo cha mtoto wa mwingine kuliwapoteza hata wenye darubini.

Na utoto huo umefichua undugu ambao utu uzima ulikuwa umeuficha. Wako samaki wa baharini wenye magamba ya fedha na mikia iliyogawanyika, ambao ukiwaweka kando ya mkunga hungesema wana nasaba moja. Lakini watoto wao nao ni leptosefalo, wembamba na waangavu. Mwaka wa 1966 wataalamu wanne, mmoja wao P. Humphry Greenwood, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Jinja, Uganda, akichunguza samaki wa Ziwa Victoria, waliwakusanya wote katika ukoo mmoja, na hoja yao kubwa ilikuwa ni huo utoto wao.

Elimu haikusimama hapo. Mwaka wa 2009 Wajapani walipata baharini, karibu na visiwa vya Mariana, mayai 31 ya mkunga wa kwao, na mwaka wa 2010 wakafanikiwa kumlea mkunga huyo katika matangi kizazi baada ya kizazi. Mwaka wa 2022 zikatangazwa habari za mikunga wa Ulaya waliofungwa vyombo vya kupeleka habari kwa setilaiti, wakafuatwa kutoka visiwa vya Azores hata wakafika Bahari ya Sargasso. Ilikuwa imepita miaka 100 tangu Schmidt alipopakuta mahali pale. Siku niliposoma habari hiyo mjomba alikuwa amekwisha fariki, nami nilitamani sana ningemwambia kwamba wale waliofunga kula wameonekana wakifika.

Neno langu kwa vijana ni hili. Mkisoma shuleni jambo linalopingana na maneno ya wazee, msiifiche kweli, kwani kuificha si adabu. Lakini kwanza muulize mzee ameona nini, kabla ya kubishana naye juu ya alichokiamini. Alichokiona huenda kikawa hazina ambayo haimo katika vitabu vyenu. Na neno langu kwa wazee wenzangu ni kwamba kijana akikosea adabu katika elimu, tumtume akaongeze elimu, tusimnyang'anye aliyo nayo.

Tena kazi bado ipo. Mikunga wa mito yetu, Pangani, Tana, Rufiji na mingineyo, nao huteremka katika Bahari ya Hindi kuzaa, na wataalamu wanakisia kwamba mahali pao ni mashariki ya Bukini. Watoto wao huja pwani yetu wakiwa wembamba kama nyuzi, wakipanda mito ambayo mingine sasa ina mabwawa ya umeme yanayowazuia njia. Kwa hao, hata sasa, mvuvi wa usiku na mwanafunzi mwenye daftari wana mengi ya kuambiana.